Mlango Ulionenepa

Mchoraji hatulii. Kila asubuhi, chai hajaigusa, huupaka mlango wa chumba chake na mkewe, pamoja na kingo zake zote, rangi anayosema ndiyo ya siku hiyo, juu ya ile ya jana. Miaka tisa sasa. Mlango umenenepa, haufungiki hata mke akiusukuma kwa nyonga, na leo uvumilivu umemwisha, kamwita seremala.

"Nipunguze kidogo tu, mzee," seremala alisema, randa mkononi.

Mchoraji alipitisha ukucha ukingoni, palipobanduka na kuonyesha tabaka za rangi, akaupandisha, akaushusha. "Kidogo chako ni miaka mitatu. Unanitolea ipi?"

Ukucha ukasimama penye mstari mweusi. Mke aliujua: ni wiki ile aliyolazwa yeye hospitali.

"Fundi," akasema, "mlango uache. Piga randa fremu."