Mtaa Uliomnyima Salamu Fundi Polikarpo

Fundi Polikarpo hakuwa mtu wa kuogopwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu waliokuja kupanga Mtoni miaka ya baadaye walisimuliwa mengine, na mimi uongo unaniwasha. Alikuwa mfupi, mwenye kikohozi cha vumbi la mpingo, na akicheka alijishika kiuno kama mjamzito. Alitoka Newala na patasi zake, akajenga kijumba nyuma ya Barabara ya Kilwa, akawa anachonga vinyago barazani na kuwauzia wazungu mjini. Mkewe, Filomena, alikaanga vitumbua. Binti yao Yuliana alikwisha kuolewa Masasi.

Televisheni aliipata kwa vinyago. Mfanyabiashara mmoja wa Unguja alichukua mzigo mkubwa, fedha zikampungukia, akamletea kisanduku hicho kikiwa kimeviringishwa ndani ya mkeka. Risiti haikuwepo, wala hakuna aliyeiulizia. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni, lakini Unguja walikuwa nacho. Fundi akasimamisha mlingoti mrefu kuupita mnazi wa jirani, akafunga antena, akaunganisha betri ya gari, na Unguja ikaja Mtoni, siku nyingine safi, siku nyingine chenga tupu.

Kila Alhamisi baada ya magharibi kulikuwa na mchezo wa kijasusi. Ulikuwa wa kizamani hata wakati ule, magari yake ya mviringo na simu zake nzito, nasi tuliupenda mpaka tukaona haya. Steringi, shujaa wa mchezo, alivaa kofia, tukamwita Bwana Kofia. Watu walikuja na mabenchi yao. Kokuberwa, muuguzi wa nyumba ya pili, alikuja na kigoda na mfuko wa karanga. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Nassibu, alikaa mbele kabisa, magoti yakikaribia kugusa kioo. Mchezo ulisema Kiingereza, na mkalimani alikuwa Fundi mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia vinyago. Bei alizijua, na sifa za mti mzuri alizijua. Yaliyobaki aliyatunga, akiyasema kwa sauti ya kila mtu, ya steringi, ya adui, hata ya bibi kizee wa hotelini. Sijui kama Unguja waliangalia mchezo ule ule tuliouangalia sisi.

Nimejiuliza kwa nini tuliganda vile kwa mambo ya nchi za baridi. Nadhani ni kwa sababu uswahilini siri haina pa kulala. Jirani anajua umepika nini, na kama hukupika anajua pia. Kumwona mtu anatembea mjini na jambo zito kifuani na hakuna anayejua, hilo lilitutoa jasho la raha. Tuliogopa pamoja, bega kwa bega, huku tukijua kwamba steringi hafi.

Kisha ukaja ule mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Redio ilitangaza, na wenye vitu wakaanza kuvikimbia. Asubuhi zilionekana doti za khanga jalalani na redio kaseti zimezama kwenye matope ya mikoko. Mtu aliyekuwa na sabuni katoni nzima hakulala. Fundi Polikarpo alikuwa na televisheni isiyo na risiti, na wanaojua walikuwa mtaa mzima.

Alishusha mlingoti, akaulaza uani, Filomena akaanikia nguo. Filomena alitaka kisanduku kikatupwe, lakini kwa njia gani? Mgambo walisimamisha kila aliyebeba mzigo. Kukitoa ilikuwa hatari, kukiweka ilikuwa hatari. Mwishowe walikifunika gunia kwenye pembe ya chumba cha mbele, wakarundika juu yake vinyago vya mashetani, wale wenye meno marefu na jicho moja tumboni, ambao wazungu walikuwa hawajaja kuwachukua. Baada ya hapo Fundi hakuweza kuchonga. Patasi ilimla kidole gumba. Land Rover ikipita barabara kubwa, alikimbilia chooni.

Mzee Nassibu aliogopa kuliko yeye. Balozi aliyekaa benchi la mbele atasema hakuona nini? Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao tulikuwa sisi sote. Akapita nyumba kwa nyumba, akatoa amri ambayo hata leo nikiikumbuka sijui nicheke au nilie. Akasema tufanye kama majasusi. Mchezoni, wenye siri moja hawajuani. Bwana Kofia akikutana na mwenzake stesheni, kila mmoja anasoma gazeti lake. Basi mtu asikanyage kwa Fundi, asimsalimie, asimtazame. Apite kama anapita ukutani.

Tulitii, na tulijiona hodari. Kokuberwa alipita mbele ya baraza lile akitazama mbinguni. Wanaume waliokuwa wakimwita Fundi kutoka ng'ambo ya njia walijikohoza na kukaza mwendo. Vitumbua vya Filomena vililala. Mwenyewe Fundi alielewa, tena alifurahi, maana mwanzoni alidhani kweli tunamlinda.

Sasa, mtu anayejua pwani atakuwa amekwisha kuona kosa letu. Mtoni kwetu mtu hapiti bila salamu. Utaulizwa umeamkaje, nyumbani hawajambo, watoto je, na mgonjwa anaendeleaje, na ukimaliza unaanza upya kwa jirani yake. Hata adui yako unamsalimia, ili asijue. Nyumba ambayo mtaa mzima unaipita kimya inapiga kelele kuliko ngoma.

Bwana mmoja aliyevaa kaunda suti alikuwa akinywa kahawa kwenye kona siku mbili mfululizo. Tulidhani ni mgeni wa mtu. Siku ya tatu, baada ya alasiri, alisimama, akaita mgambo wawili wenye bunduki waliokuwa kwenye gari, akamtaka Mzee Nassibu amfuate kwa Fundi Polikarpo.

Filomena ndiye aliyenisimulia ya ndani. Walimkuta Fundi amekaa kitini, hakuweza kuinuka. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Mgambo mmoja alitazama mvunguni, wa pili akaelekea pembeni kwenye vinyago. Yule bwana hakuwa na haraka. Alimgeukia balozi.

"Mzee, mtaa huu watu wanasalimiana mpaka kero. Huyu peke yake hasalimiwi na mtu. Amefanya nini?"

Mgambo wa pembeni alikwisha kushika shetani wa kwanza kichwani, amshushe chini. Chini yake gunia, chini ya gunia kifungo cha miaka. Hapo macho ya balozi yakaangukia yale meno marefu.

"Tunamwogopa, mkubwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mchawi."

Mgambo aliondoa mkono kama aliyegusa chuma cha moto. Yule bwana alicheka, akasema Serikali haiamini ushirikina, akasema na mengine ya aina hiyo. Lakini hakurudia amri ya kupekua. Alitazama vinyago, akamtazama Fundi anavyotiririka jasho bila kupepesa macho, akasema kwamba wana nyumba nyingi za kupitia. Alipotoka alijipangusa viganja kwenye suruali.

Siku ile Fundi alikuwa tayari kumbusu Mzee Nassibu miguu. Usiku walicheka na mkewe, wakijiziba midomo kwa upande wa khanga. Mchawi! Yeye aliyekuwa akiogopa mjusi.

Kicheko kilikatika bombani. Filomena alipanga ndoo yake nyuma ya ndoo ya Kokuberwa, na Kokuberwa akaivuta ya kwake pembeni, taratibu. Filomena akadhani bado ni ujasusi, akamnong'oneza kwamba wale watu wamekwisha kuondoka, sasa wanaweza kuongea.

"Najua, Mama Yuliana," Kokuberwa alijibu, akiwa hamtazami. "Mie ndoo yangu tu isichanganyike."

Ikasikika kwamba mgambo aliyeshika kinyago ametoka jipu kwapani. Majipu mwaka ule tulitoka wote, sabuni ilikuwa hakuna. Lakini jipu lile lilitembea mtaani lenyewe, kila nyumba likiongezeka ukubwa, na lilipofika kwangu mkono ulikuwa umekwisha kukatwa. Akina mama wakaanza kuwaita watoto ndani Fundi akipita. Na sasa hakuna aliyejifanya. Ukimtazama mtu anayeigiza na mtu anayeogopa kweli, tofauti iko kwenye miguu.

Fundi alimwendea Mzee Nassibu nyumbani. Alimwomba atembee tena nyumba kwa nyumba, kama alivyotembea mwanzo, aseme lile lilikuwa neno la kuwafukuza wale watu tu. Balozi alizungumza naye kupitia mlango ulioachwa wazi upana wa kiganja.

"Shikamoo, Mzee. Wewe ndiye uliyesema. Wewe unajua ulilitunga."

"Nililitunga, Fundi. Wallahi nililitunga. Lakini lisemwalo lipo. Lilinitoka mdomoni na sikuwa nimelifikiria. Nani alinitilia?"

"Ni woga, Mzee."

"Na wale watu wa Serikali, wenye bunduki? Nao waliogopa nini?" Mlango ukapungua upana. "Mie nina wajukuu humu. Usinitazame hivyo."

Fundi alirudi kwake akitembea katikati ya njia, na watu wakimpisha pande zote mbili. Filomena aliniambia usiku ule alilia kwa sauti, mtu mzima, akisema ni afadhali wangemfunga.

Msako ulipoa, kama mambo mengi. Mwaka uliofuata Fundi alitoa nguo kwenye mlingoti, akausimamisha. Mtaa mzima uliuona unapanda. Alhamisi akachaji betri, akafagia, akapanga mabenchi mawili yaliyobaki kwake, akafungua mlango wa mbele. Filomena alikaanga vitumbua vya kugawa bure. Mchezo ulianza, Bwana Kofia akashuka kwenye ndege, na chumbani walikuwa watu wawili. Fundi akajaribu kukalimani, lakini kumkalimania mke wako peke yake ni kazi ngumu, akanyamaza.

Aliponyamaza, nje dirishani mtu alikohoa.

Filomena alizungusha shingo kidogo tu. Nyuma ya nyavu za dirisha, gizani, kulikuwa na vichwa. Kokuberwa alikuwepo na kigoda chake, amekikanyaga ili aone. Mzee Nassibu alikuwepo, na mjukuu mabegani. Wengine walikuwa wamejifunika khanga mpaka puani, na mmoja wa hao nilikuwa mimi. Hakuna aliyebisha hodi.

Fundi akafurahi mno. Akainuka, akasema karibuni, jamani, karibuni ndani, na kuelekea mlangoni mikono miwili mbele. Tulikimbia. Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia vile, kigoda kimeanguka, mtoto analia, Mzee Nassibu kandambili moja.

Alhamisi iliyofuata aligeuza televisheni ikatazama dirishani. Akakaa kitini ametupa mgongo, akaanza kukalimani kwa sauti kubwa, ya steringi, ya adui, ya bibi kizee wa hotelini, akitutungia yote asiyoyajua. Alijua tuko pale kwa sababu tuliposhtuka tulivuta pumzi pamoja. Kikohozi kilimbana, alikimeza. Mguu ulimfa ganzi, hakuunyoosha. Akawa anakaa hivyo kila wiki, miaka yote aliyobaki nayo Mtoni, bila kutikisika hata kidole, mpaka mchezo uishe na sisi tuondoke.