Madalali Watatu na Nyumba ya Rhotia

Chekeni tu, maana aibu hii naisimulia nikiwa nimekaa mlangoni kwangu, Rhotia, mlima Oldeani nauona kutoka hapa nilipo, kwa hiyo hamtaniumiza sana.

Nilizaliwa kule Oldeani, kwenye nyumba za vibarua wa kahawa (baba alitoka Singida kuja kuchuma msimu mmoja, hakurudi), na tangu nimalize kidato cha nne nimezunguka na pikipiki yangu, mara mahindi Mbulu, mara vitunguu Digodigo, hadi nikavuka arobaini bila hata msumari wangu wa kutundikia koti. Ndipo nikasikia Mama Paskalina, mjane, anauza nyumba ahamie kwa binti yake.

Nilivyozoea, dalali hulipwa na mwenye nyumba, mnunuzi unatembea naye bure. Basi nikaona mtu mzima haendi kununua nyumba peke yake kama anafuata nyanya, nikachukua madalali watatu. Watatu! (Na njia niliwaonyesha mimi.) Tukaingia uani kama washenga, mimi mbele na suti, majirani wamejipanga kwenye ua.

Mama akataja bei, ikawa chini ya ile aliyoitaja mwaka jana.

"Mnaona?" nikawaambia majirani. "Sijafungua hata mdomo, imeshuka yenyewe!"

Mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuja kushuhudia, akakohoa.

"Imeshuka kwa sababu silipi tena madalali wa mnunuzi, baba," Mama akasema. "Si tulikubaliana kwenye mkutano wa kijiji? Kila mtu amlipe aliyekuja naye. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Digodigo, kwenye vitunguu.

Nikageuka, wale watatu wananitazama kama ng'ombe wanaosubiri chumvi. Nikajikaza: "Hawa ni marafiki zangu tu, wamenisindikiza."

Gwandu, mkubwa wao, akavua kofia. "Rafiki yangu, ubini wangu nani?"

Sikuujua. Watu walicheka hadi Mama Paskalina akashika nguzo ya baraza.

"Malizana na watu wako," akasema akifuta machozi, "ama sivyo kesho anakuja mnunuzi mwingine kutoka mjini Karatu."

Hela yangu yote ilikuwa ya nyumba, haikubaki ya kitu kingine. Nikaitazama nyumba, nikaitazama pikipiki iliyonizungusha ujana wangu wote, nikamrushia Gwandu ufunguo. Wakapanda mshikaki, wote watatu, wakaondoka na vumbi huku akina mama wakipiga vigelegele, na mimi na suti yangu nikabaki nimesimama uani.

Lakini uani kwangu.

Siku nikinunua nyingine (sinunui, naapa) nitauliza kwanza nani anamlipa nani, kisha nitakwenda peke yangu, kwa miguu. Gwandu hupita hapa kila asubuhi, anapiga honi na kupaza sauti, "Mwenye nyumba!" Anadhani ananitania. Mimi naitika.