Barafu Iliyoyeyuka Palma

Siku ile hunijia mpaka leo kama kitu nilichokiota, mwanangu. Jua la Palma, kaskazini mwa Msumbiji, limepauka, bahari imetulia kabisa, na kule mbali meli ya watafuta gesi imesimama kama imetundikwa hewani. Ndiyo kwanza gesi imegunduliwa. Kila mtu alikuwa anatembea na ndoto yake, nami nilikuwa na yangu.

Nilikuwa msichana, daktari wa mifugo, nikichunguza virusi vya kuku. Nilikuwa nimetoka Pundanhar, kwa ile barabara mbovu ya vumbi, kuchukua ute wa kooni kwa kuku wa Bi Anchia. Alikuwa mjane, na kuku ndio waliokuwa wakimlisha. Wawili walikuwa wamekufa shingo zimepinda, akaogopa mdondo, ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Vichupa nilivipanga ndani ya sanduku la barafu. Kirusi kikipata joto huharibika, na kikiharibika maabara haioni kitu. Hilo nililijua vizuri.

Lakini pale Palma nikasikia kampuni inaandikisha watu wenye diploma. Nikaliacha sanduku garini, nikapanga foleni. Nilisimama tangu asubuhi hadi alasiri, nikijiona tayari nimevaa kofia ngumu, nimemjengea mama nyumba ya matofali, najiona kama naelea. Niliporudi garini barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Nikayamwaga, nikatia barafu mpya, nikanyamaza.

Maabara haikuona kirusi. Nami nikaandika ripoti kwa mkono wangu: Pundanhar hakuna mdondo. Chanjo iliyokuwa iende huko ikapelekwa kwingine. Nikamtumia Bi Anchia salamu kwamba kuku wake ni wazima, asiwe na hofu. Ile kazi ya kampuni, wala sikuipata.

Niliporudi kwake baada ya mwezi, uwanja ulikuwa kimya mno, nikasikia majani ya mihogo yakisuguana. Bi Anchia alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda na maji ya kunywa. Akanieleza taratibu kwamba salamu zangu zilimfurahisha, akampelekea binti yake aliyeolewa Quiterajo jogoo na mitetea wa kuanzia maisha. Sasa kuku wa hapa wamekwisha. Wa binti nao wamekwisha, na wa majirani zake, na majirani hawamsemeshi tena.

Hapo nikamwambia habari ya barafu. Sikumficha kitu.

"Mwanangu," akasema, "ungeniambia hujui, ningewafungia kuku wangu bandani nikangoja. Wewe ulinipa uhakika ambao mwenyewe hukuwa nao."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angenifokea.

Kutoka hapo nilishuka Quiterajo, nyumba kwa nyumba, kuwaambia majirani kwamba kosa ni langu, si la binti wa Bi Anchia. Wengine walinielewa, mmoja alinifungia mlango. Kisha nikaenda kwa mwalimu wangu wa chuo kikuu aliyeusimamia uchunguzi ule, mama mmoja mkali, nikamwomba tuifute ripoti. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia niandike makala, nieleze foleni na barafu, na jina langu liwe juu. Niliiandika huku nalia. Msimu uliofuata nilirudi Pundanhar na chanjo ya matone ya jicho, na mtu wa kwanza kujifunza kuidondosha alikuwa Bi Anchia.

Nimeandika mengi baada ya hapo, mengine yakanipandisha cheo. Lakini wanafunzi wanaoniandikia kutoka nchi nisizozijua huulizia ile makala ya barafu. Mmoja alinieleza kwamba aliisoma, akamwaga sampuli zake zote, akaanza upya.

Basi wewe unayeingia maabara leo, nisikilize. Sampuli ikiharibika, sema imeharibika. Usipojua, andika kwamba hujui, hata kama wakubwa wanasubiri jibu mlangoni. Karatasi yako itafika kwa mtu usiyemwona, naye atampa bintiye kuku kwa kuwa amekuamini. Na ukikosea, anza kwenda kwa uliyemkosea, wakubwa baadaye.

Mungu akupe mkono makini na ulimi mnyoofu, mwanangu. Akulinde katika safari zako, na kila nyumba utakayopiga hodi, wenyewe wafurahi kukuona. Amina.