Waya wa Mkwe Wangu na Maji ya Mdogo Wangu

Ndani ya gari tulikuwa watu wanne. Mimi. Binti yangu wa pili, niliyekwenda kumtazama kwake Maramba. Mumewe, yaani mkwe wangu, mwenye gari. Na shoga yangu wa Ngamiani, ambaye tulichezwa unyago pamoja, aliyenifuata kwa matembezi. Majina yao nayajua, na ya baba zao, na ya babu zao. Siyaandiki kwa kuwa nina hasira, na sitaki jina la mtu liingie humu.

Alfajiri ilikuja simu kutoka Tongoni: mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, amefariki. Mtoto yule nilimbeba mgongoni mimi. Kuosha maiti tulifundishwa pamoja, na tulikuwa na ahadi, atakayetangulia mwenzake atamwosha kwa mkono wake. Kila nikienda kwake hunikumbusha. "Dada, usije ukaniachia wale wenye mikono mizito," husema, tukacheka.

Jirani alikuwa anateremka Tanga na gari la machungwa, na mbele pana nafasi. Nikajifunga mtandio. Mkwe wangu akasema, "Mama hapandi gari la machungwa na mimi nipo."

Gari lake huwakodisha wazungu wanaokwenda kulala pwani. Ndani mna kitanda, jiko, feni na friji. Zamani lilikuwa na betri za maji, nzito kama mawe. Wiki ile alikuwa amezing'oa akatia za lithiamu, nyepesi, za bei. Fundi alimwambia mbele ya binti yangu: "Tumia sola ya juu tu. Usiziunganishe na injini mpaka kile kifaa cha kupunguza chaji kifike kutoka Dar. Betri hizi zina uroho, zitaivuta dainamo ya injini mpaka iungue."

Alingoja? Hakungoja. Alitaka friji igandishe, akaunganisha waya mwenyewe kama alivyozoea kwa zile za zamani. Na usiku ule feni na friji zilikuwa zimezikausha betri zote. Binti yangu akamwuliza, "Kifaa kimefika?"

"Safari fupi hii, mke wangu. Mafundi wanapenda kutisha watu."

Tukaondoka, gari la machungwa limekwishatutangulia. Mkwe wangu anasifia betri njia nzima. "Mpe mama maji baridi, aone."

"Mwambie mumeo namshukuru, kiu sina." Maana sisi, mama na mkwe wa kiume hatujibizani uso kwa uso. Maneno hupita kwa binti, hata mkiwa mmekaa bega kwa bega.

Tulipofika katikati ya mkonge, shoga yangu akanusa. "Nani anaunguza kanga?"

Moshi. Dainamo ilikuwa imeungua ikakwama, mkanda umekatika, na mkanda huohuo ndio unaozungusha maji ya kupoza injini. Gari likafa palepale. Friji bado inanguruma.

"Friji nzima?" shoga yangu akauliza.

"Nzima," akajibu mkwe wangu, kwa fahari kidogo, wallahi.

"Basi tulale humu, tungojee wazungu."

Nikampigia mtoto mkubwa wa marehemu. "Ningojeni."

"Shikamoo, Mama mkubwa. Waoshaji wameshafika, na maji yameshapata moto. Shehe anasema baada ya adhuhuri. Uko wapi?"

Niko wapi! Niko kwenye mkonge, na kitanda cha wazungu nyuma yangu.

Mimi na uzee wangu nikapanda pikipiki mpaka Tanga, kisha bajaji. Tongoni niliwakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini, ndala zina udongo. Chumbani, kitanda cha kuoshea kimeegemezwa ukutani, kinachuruzika maji.

Jioni mkwe wangu akafika, akapewa pole barazani. Akamwambia mkewe, nami nasikia: "Mwambie mama tumwachie Mungu. Ndiyo kadari."

Hapo nilisimama, nikamwambia usoni, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. "Mauti kaleta Mungu, nimeridhika. Waya umefunga wewe, kwa mkono wako, na ulikatazwa. Usimtwishe Mungu waya wako."

Mzee mmoja akasema, "Bibi, mkweo huyo."

"Najua mkwe. Asingekuwa mkwe ningepanda gari la machungwa."

Sasa naambiwa nimemwaibisha, nimwombe radhi. Gari limepona, kifaa kimefungwa, kila akija kwangu Ngamiani hutuma neno kwa mkewe kwamba nipelekwe matembezi. Nami namjibu binti yangu: mwambie sipandi.

Kinachonikera kuliko gari ni kwamba sijui mdogo wangu alioshwaje. Waliomwosha ni wawili. Mmoja ananiambia walimsuka mikia mitatu, kama tulivyofundishwa. Mwenzake anasema nywele hawakuzigusa, muda ulikuwa mfupi. Ya garini niliyaona kwa macho yangu, ila mimi ni mzee, na pengine kuna neno nimempa asiyelisema. Mliokuwepo nisahihisheni, sitachukia. Na ninyi mliopita chumbani siku ile, hata kama mlipita kuchukua ndoo tu, njooni mniambie ya nywele.