Nyota Yangu ya Umbilo

Ndugu wasomaji, nichekeni, lakini polepole. Karne inakwisha na wataalamu bado wanabishana miale ya kosmiki hutoka wapi, maana sumaku za angani huipinda njiani. Miale ya gamma huja imenyooka, ndiyo maana tunaifuata. Mimi, mwanafunzi wa fizikia Durban, niliamini nimepata jibu chumbani kwangu Umbilo.

Profesa aliniazima kipimo kidogo cha gamma nijifunze kukitumia tu. Nikakielekeza mbinguni! Kila jioni kikaanza ta-ta-ta-ta, asubuhi kikatulia. Nikasema hiyo ni nyota, inachomoza na kuzama. Jumapili haikuzama kabisa, nami nikaandika daftarini: "Tabia ya ajabu."

Nikamwalika profesa. Alikuja mchana, akavua koti, tukaingoja nyota.

Mama Beata, Mrundi mwenye nyumba anayenilisha maharage kama mwanawe, alifunga mapema meza yake ya sokoni Isipingo, anakouza kila siku isipokuwa Jumapili, ili ampikie mgeni wangu. Akatua katoni yake ya bidhaa palepale anapoilaza kila jioni, nyuma ya pazia la chumba changu.

Ta-ta-ta-ta-ta!

Profesa akavuta pazia, akafungua katoni. Ilijaa visoksi vyeupe vya taa za karabai.

"Hivi vina thoriamu, madini yenye mionzi," akasema, akijikaza asicheke. "Vinatoa gamma vyenyewe."

Mama Beata akashika kiuno. "Eish, mwanangu! Ile nyota niliyokuwa nakuombea kanisani, kumbe iko ndani ya katoni yangu?"