Tukuswiga na Mtoto Aliyetanguliza Matako

Tukuswiga alilima viazi Ibaba, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Mimba yake ya tatu ilipotimiza wiki thelathini na saba, kipimo cha picha kilionyesha mtoto ametanguliza matako. Daktari Clement wa hospitali ya Itumba alijaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo. Mtoto akagoma.

"Tunaweza kukupasua," alisema daktari. "Au usukume hapa hapa, chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Nyonga yako inaruhusu, mtoto si mkubwa, na wawili wa kwanza walitoka salama. Ila mambo yakikwama, napasua."

"Nitasukuma."

Nesi Roda akasonya. "Mbishi huyu. Atatuulia mtoto, halafu maelezo tuandike sisi."

"Naongea na daktari. Wewe sijakuuliza."

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mama mkwe wake, Atuganile, alisema mbele ya majirani, "Mtoto hakai hivyo bure. Taja mimba ni ya nani, atageuka mwenyewe." Amoni, mumewe, aliendelea kuchonga mpini wa jembe, kimya. Kimya kile kilimchoma Tukuswiga kuliko lile tusi. Kesho yake aliwaacha watoto kwa dada yake, akafunga kanga zake na kushuka Itumba kusubiri siku ya kujifungua karibu na hospitali. Amoni alipopiga simu, hakupokea.

Uchungu ulimshika Jumanne asubuhi. Kufikia saa tisa alasiri alikuwa amepiga magoti kitandani. Matako yakatokea, miguu ikafuata, kisha kiwiliwili hadi kitovuni. Roda akanyoosha mkono.

"Usimvute!" Clement alifoka. "Ukimvuta atainua mikono, kichwa kibane. Mwache mama asukume."

"Ukinigusa nakung'ata," Tukuswiga alimwambia nesi, akasukuma. Mabega yakatoka. Kichwa kikabaki. Daktari aliingiza vidole, akakiinamisha kidevu cha mtoto taratibu, na kichwa kikaja.

Mtoto wa kike, mlegevu, hakulia. Roda ndiye aliyemnyakua na kumpa hewa kwa mfuko wa kupumulishia, akihesabu kwa sauti, mpaka kilio kikatoka. Alifanya kazi yake vizuri. Tukuswiga aliliona hilo, na hakumshukuru.

Siku ya tatu Amoni alikuja na mama yake.

"Ataitwa Ikupa, jina la mama yangu," alisema Atuganile. "Nipe nimpakate."

"Jina lake ni Erica, mama. Na hapakatwi na mtu aliyeniita malaya."

Amoni akainua uso. "Unamjibu mama yangu hivyo?"

"Kumbe una mdomo! Ulikuwa wapi siku ile?"

Walipoondoka hakuwasindikiza. Alipanga chumba Itumba, akawachukua watoto wake, akaanza kuuza viazi sokoni. Jumapili Amoni huja kumwona Erica. Tukuswiga humtolea kigoda nje, humpa mtoto, kisha huingia ndani na kufunga mlango.