Kilele Kilicholala cha Bi Milojka

Milojka Ferjan alikuwa fundi wa maabara yetu hapa Ljubljana kwa miaka ishirini na mitatu. Aliandaa sampuli, na kwa jinsi alivyopenda usafi tulimtania kwamba hata sabuni anaiosha kwanza.

Mwaka mmoja tulichunguza majimaji ya aina inayotiwa kwenye vioo vya saa za tarakimu. Molekuli zake ni kama vijiti, na zote huelekea upande mmoja. Ukiyapasha moto, mpangilio huo huvunjika ghafla, na kwenye mchoro wa kipimo cha joto husimama kilele chembamba kama sindano. Safari hii Milojka aliyachanganya na unga laini wa silika, madini ya mchanga. Kilele kikatoka kifupi, kipana, kimelala.

Mkuu wetu, Dakta Pečar, alimwita mbele ya wote.

"Bi Milojka, kilele kimelala kwa sababu umenitilia uchafu humu."

"Uchafu? Vyombo vyangu ni visafi kuliko koti lako, Dakta."

Tulicheka. Dakta hakucheka. "Rudia yote."

Mchana nilimkuta ameketi kwenye ngazi, supu yake ya maharage na kabichi chachu imepoa mapajani.

"Miaka yote hii, Irena," aliniambia, "leo naitwa mchafu."

Alirudia, ila kwa namna yake. Alitumia majimaji ya chupa ileile: kwanza bila unga, kisha unga kidogo, kisha akawa anauongeza hatua kwa hatua. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Baada ya wiki tatu aliipanga michoro mezani kwa Dakta. Bila unga, kilele kilikuwa sindano. Kadiri unga ulivyozidi, ndivyo kilivyofupika na kupanuka.

"Uchafu hauna adabu hivi," alisema. "Ungekuja ovyo ovyo. Hiki kinashuka kwa kipimo."

Dakta aliinama juu ya michoro muda mrefu.

"Ni unga wenyewe," akasema taratibu. "Kila punje inavivuta vijiti vya jirani upande wake. Huku hivi, kule vile. Mpangilio unabaki vipandevipande." Akavua miwani. "Nimekukosea, Bi Milojka."

"Ulinikosea mbele ya watu."

Jumatatu Dakta aliomba radhi mbele yetu sote, masikio yamemwiva kwa haya. Makala yetu kuhusu unga huo ilipochapishwa, jina la Milojka lilikuwa la tatu kati ya waandishi. Aliniambia amesoma ukurasa wa majina na wa michoro tu, mengine ametuachia sisi.

Mwezi uliofuata aliomba kiti kipya chenye mgongo. Alikipata siku hiyohiyo.